Asubuhi Niliyombeba Mama Mukwe

Mwaka 1993 nilikuwa na miaka ishirini na sita, nachunga ng'ombe wa mutu mwingine huko Masisi, na taabu ilipoanza sikuitambua. Nilidhani ni ugomvi wa malisho, ule wa kila mwaka. Kisha wakaanza kuchoma nyumba, wa huku wakichoma za kule na wa kule wakichoma za huku, kwa zamu, kama watu wenye kamati. Ng'ombe wakaliwa na wale waliokuja kuwalinda. Mimi nikateremka Goma kwa miguu, mkononi fimbo ya kuchungia, mbele yangu hakuna cha kuchunga.

Shule nilifika ya pili primaire, darasa la pili la shule ya msingi. Nasema mapema, ili asiyependa maneno ya mutu wa namna hiyo aachie hapa akapike chai. Kusoma nilijifunza kwenye magunia na kwenye vibao vya maduka ya Birere, mtaa wa soko wa Goma, karibu na mpaka. Kuandika nilijifunza peke yangu, hakuna aliyenisaidia, isipokuwa mutoto wangu alipokuwa akifanya devoir, kazi zake za shule.

Mwaka uliofuata wakaingia wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka, watu wengi kuliko macho yanavyoweza kubeba. Hapo nilijua kwamba hata kukimbia kuna vyeo. Aliyevuka mpaka anaitwa mkimbizi, anapewa turubai, maharage na mafuta. Aliyekimbia ndani ya nchi yake mwenyewe anaitwa déplacé, na anapewa jina hilo tu. Nikaona niende kwenye kambi ya Mugunga, si kulala bali kuuza. Watu wote wale walipika, na anayepika anataka moto. Nilianza na mzigo wa kuni kichwani, nikapanda hadi makala, nikapanda hadi chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, ambayo kwenye mlima unaisukuma na kwenye mteremko inakuua. Tanuri la makala nililichoma mwenyewe. Pande zote za vita zilinunua kwangu. Sijaona mwanajeshi aliyekula maharage mabichi kwa sababu ya siasa.

Kambi ilipovunjwa, wengine walirudi kwao, wengine wakapotelea porini, mimi nikabaki. Nilikuwa nimeoa, msichana wa Masisi niliyemkuta kwenye foleni ya maji. Tulioana kama watu wa vita wanavyooana: padri, sahani ya sombe ya majani ya muhogo, basi. Mama yake alikuwa milimani bado. Hakuja harusini, na hilo hakulimeza. Akatuma maneno kwa dereva wa lori la viazi: "Waambie ninakuja kuona binti yangu anakaa namna gani. Kama anakaa kama mutu, nitakula na nitaondoka. Kama anakaa kama mbwa, nitaondoka naye."

Dereva alinieleza maneno yale akicheka. Mimi sikucheka. Mama yule aliwahi kurudisha binti mwingine nyumbani pamoja na vyungu vyake, na bwana wa binti yule mpaka leo anapika mwenyewe.

Basi ilibidi niwe na nyumba. Goma yote ni mawe. Mutu akitaka kujenga, anaponda mawe ya volkano mpaka mikono inachubuka kabla ya kupata pa kusimamisha nguzo moja. Lakini pale Mugunga, upande wa ziwa, niliona bonde dogo lenye umbo la bakuli, udongo mweusi laini, majani mabichi, upepo haufiki. Na hakuna mutu amejenga! Nikasema, kweli wajinga ni wengi.

Muzee aliyekuwa na kiwanja kile alikaa juu kidogo, kwenye mwamba. Hakunidanganya, lazima niseme hivyo.

"Papa, ile ni shimo ya mazuku," akaniambia.

Mazuku ni hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi, kwa sababu ya volkano, inalala mashimoni kama maji. Haina rangi, haina moshi. Kila mutu wa Goma anaijua. Mbuzi anashuka kula majani, hapandi tena.

"Mazuku inaua nani?" nikamuuliza.

"Mbuzi. Kuku. Watoto."

"Na mimi unaniona ni yupi kati ya hao?"

Muzee akanitazama kutoka kichwa mpaka miguu. "Bado sijajua," akasema. "Leta pesa."

Nikajenga. Mbao ukutani, bati juu, vyumba viwili, mlango unaofunga. Na ndani nikaweka kitanda, kitanda changu cha kwanza tangu kuzaliwa. Nilikitengeneza kwa mikono yangu na miguu yake niliifanya mirefu kupita kiasi, ili magunia ya makala yasimame chini yake, mbali na mvua na mbali na wezi. Bibi yangu, yule wa foleni ya maji, alikipanda kwa kukanyaga jiwe. Majirani walikuja kukiangalia.

"Papa Makala, hiki ni kitanda ao ni mnara?"

"Ukianguka usiku, utafika chini asubuhi!"

Niliwaacha waseme. Mutu aliyelala chini miaka yote anajua kwa nini anataka kulala juu.

Kuku walianza kufa. Kisha paka akafa. Kisha panya nao wakafa, nikafurahi, maana nyumba isiyo na panya wala paka wa kulisha ni faida mara mbili. Bibi yangu akasema ni mazuku. Nikasema ni majirani wenye wivu, wanawatilia kuku sumu. Kila asubuhi niliamka na kichwa kizito. Nikalaumu kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nikaiacha. Kichwa kikaendelea kuuma. Nikairudia, kwa sababu hakuna haja ya kuteseka mara mbili.

Mama mukwe akafika na lori la viazi. Alisimama juu, ukingoni mwa bonde, kikwembe, kitenge chake, kimefungwa vizuri, akaitazama nyumba yangu kwa muda mrefu.

"Mumejenga ndani ya sahani," akasema.

Akashuka. Akagusa mbao, akagonga bati kwa fimbo, akafungua chungu, akafunika. Kwenye kitanda alisimama zaidi, nikaona amekipenda, ingawa alisema tu kwamba mbao zinanuka.

Hapa nieleze kitu kwa vijana wa leo wanaosalimia mama mukwe kwa kumkumbatia. Kwetu milimani, mukwe na mama mukwe hawagusani. Hawapeani mkono, hawali sahani moja. Mukikutana njiani, wewe unaingia majanini unageuza uso mpaka apite. Na kitanda unacholala na binti yake, yeye hakikalii hata akiwa amechoka kufa. Hata kusema naye, unasema ukuta ukiwa katikati.

Jioni nikasimama nyuma ya pazia nikamwambia bibi yangu, kwa sauti ya kusikika, "Mwambie mama alale kitandani. Sisi tutalala chini."

Jibu likaja kwa sauti kubwa zaidi. "Mwambie bwana yako kwamba nimezaa watoto tisa na sijapungukiwa akili. Nilale pale? Anizike kwanza!"

Akatandika kirago, mkeka wake wa mafunjo, chumba cha mbele, chini kabisa, akalala. Nilitoa kitanda, akakikataa. Hilo mulikumbuke, maana yeye baadaye hakulikumbuka.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala bondeni, jani halitikisiki. Bibi yangu alikuwa amekwenda ziwani kuchota maji na bidon. Nikaamka na kichwa changu kizito, nikasalimia nyuma ya pazia.

"Mama, umelala salama?"

Kimya. Nikadhani amenuna. Nikasalimia tena. Nikasikia kifua chake kinakwenda mbio, kwa kelele, kama mivukuto ya mhunzi. Nikachungulia, uso nimeugeuza upande kama heshima inavyotaka, kwa hiyo nilichungulia na jicho moja. Alikuwa chali, mdomo wazi, midomo imekuwa na rangi ya zambarau iliyoiva.

Nikaita bibi yangu. Nikaita wanawake wa juu. Wote walikuwa ziwani. Nikachukua ufagio, nikamgusa mguu na mpini wake. "Mama, kumekucha." Hakuna. Nikafikiri: kumgusa siwezi, lakini kirago si mama mukwe. Nikashika ncha ya kirago nikavuta kwa nguvu zote. Kikapasuka. Yeye akabaki palepale, mimi nikabaki na mafunjo mikono yote miwili.

Ndipo nikainama nitazame vizuri, na puani kikaingia kitu chenye ukali, kama mutu aliyekunywa fanta ikapanda puani. Miguu ikalegea. Nikajua ni mazuku. Mutu wa makala hajifunzi hili kwa kitabu: ukifungua tanuri kabla halijapoa, unajaza kifua nje, unafunga mdomo, unaingia, unafanya, unatoka. Anayevuta hewa ndani ya tanuri anaungana na makala.

Nikatoka, nikakimbia hatua chache kupanda juu, nikajaza kifua, nikarudi. Na nikiwa nimesimama juu yake, pumzi imefungwa, wazee wote wa kwetu walio hai na waliokufa walipita mbele yangu wakitikisa kichwa. Lakini pumzi ya kuzuia ni fupi. Ungeweza kuitumia kubeba ao kuitumia kufikiri, si vyote viwili. Nikaingiza mikono chini ya mgongo wake nikamwinua. Alikuwa mzito, mwanamke wa maziwa na viazi. Nikampeleka mpaka juu ya mwamba, kifua changu kwa kifua chake.

Na hapo ndipo wanawake walipokuwa wanapanda kutoka ziwani, bidon kichwani, wote pamoja, kama wameitwa kwa kengele.

"Eee Yesu Maria! Amebeba mama mukwe!"

"Na anamkumbatia!"

"Mwenye haya afunge macho!"

Hakuna aliyefunga. Bibi yangu aliangusha bidon, maji yakamwagika yote.

Nikamlaza kwenye jiwe. Upepo wa ziwa ulikuwa unapita. Akavuta pumzi moja kubwa, kama mutu anayemeza chungu na mfuniko wake, akakohoa, akavuta nyingine. Rangi ikarudi pole pole. Akafungua macho.

"Nani amenishika?"

Nilikuwa nimekwisha kurudi nyuma, uso upande. "Upepo, mama."

"Upepo uko na mikono?"

"Ni yeye!" wanawake wakajibu kwa pamoja.

Tulimpeleka kwa chukudu, juu ya magunia, kwenye kituo cha afya. Pale kulikuwa na muuguzi, mama wa Butembo, mnunuzi wangu wa makala. Akamsikiliza kifua, akampa maji, akasema yuko mzima. "Mumurudishe nyumbani," akasema, kisha akanitazama. "Lakini si nyumbani kwako."

Akalala kwa yule muzee wa mwamba. Keshoye akatuita wote, akakaa kwenye kigoda, akatoa hukumu.

"Binti yangu anarudi nami. Nyumba inaua, na bwana wa nyumba anashika."

Bibi yangu akasema, "Mama, kwetu bado kuna bunduki."

"Bunduki inaonekana."

Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta. Niliona kile kitanda kirefu, na mimi juu yake peke yangu, na chini magunia. Muzee akaingia katikati. Akasema haya inaoshwa: mukwe atoe mbuzi na kikwembe kipya mbele ya watu. Kuhusu nyumba, aitwe muuguzi, yeye ana shule.

"Mbuzi kwanza," mama mukwe akasema. "Kisha nitasikiliza habari za kufa."

Kwa hiyo mimi ndiye niliyelipa kwa sababu yeye alikuwa hai. Angekufa ningetoa jeneza tu, na heshima yangu ingebaki. Nikanunua mbuzi.

Siku ya kumchinja, muuguzi alikuja mapema, na mbuzi alipopasuliwa akasema mapafu yasitupwe. Akayaosha, yakalala kwenye sinia kama kitambaa kilicholowa. Akaingiza kikonyo cha jani la papai kwenye koo la mbuzi.

"Papa Makala, puliza."

Nikapuliza. Yakavimba, mekundu yakawa ya waridi, makubwa, yakajaza sinia yote. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikaachia, yakasinyaa. Akakata kipande akakiweka kwenye ndoo, kikaelea. Akakata ini, likazama.

"Kinaelea kwa sababu gani?"

"Kimejaa hewa," bibi yangu akasema.

Muuguzi akaeleza. Pafu si mfuko mmoja. Ni kama mti uliogeuzwa, shina ni koo, linagawanyika matawi, matawi yanazaa vijiti, na mwisho wa kila kijiti kuna vifuko vidogo kuliko yai la chawa, vingi visivyohesabika. Chini ya mapafu kuna nyama pana iliyotandazwa kama ngozi ya ngoma. Ikishuka, kifua kinapanuka na hewa inaingia. Ikilegea, hewa inatoka. Ukuta wa vile vifuko ni mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na nyuma ya ukuta damu inapita. Damu inafika imechoka, imebeba gazi ya kaboni, uchafu wa kazi ya mwili. Inaitua, inachukua oksijeni, inaondoka.

"Nani anaibadilisha?" mama mukwe akauliza.

"Hakuna. Kila kitu kinatoka mahali kimejaa kwenda mahali kimepungua."

Hapo nilielewa kuliko alivyotarajia, maana Birere nimeijua. Wamama wanavuka mpaka asubuhi na vikapu: nyanya zinatoka mahali zimejaa zinaenda mahali hazipo, na sabuni inarudi. Hakuna anayewaamuru. Pafu ni mpaka, nikasema, mpaka usio na mutu wa forodha, na ndiyo maana unafanya kazi.

Muuguzi akacheka. "Njo vile. Na kaboni, Papa, ni makala."

"Unasema mwili wangu unauza makala?"

"Kila pumzi. Sasa niambie, ukipeleka makala kwenye soko lililojaa makala?"

"Ninarudi nayo."

"Hewa ya shimo lako imejaa hiyo hiyo. Damu inafika, inakuta soko limejaa, inarudi na mzigo wake. Na oksijeni iliyobaki ni kidogo. Mwili unahema mbio, unadhani umekosa bidii."

Ni kama muchuuzi anayepaza sauti zaidi mahali pasipo na mnunuzi. Nimewaona. Mwisho wanakaa chini, na kwenye shimo kukaa chini ndiyo kufa, kwa sababu hewa ile ni nzito, inalala sakafuni, inafika gotini, siku mbaya inafika kiunoni.

Mama mukwe alikuwa anatazama sinia. Aliguswa na kitu, nikaona. Aliweka mkono kifuani mwake mwenyewe, akavuta pumzi, akautazama mkono ukipanda.

"Na huyu," akasema, bila kunitazama, "kwa nini hakufa?"

"Kitanda chake ni kirefu, mama. Hewa mbaya ilipita chini yake."

"Kwa hiyo alijipandisha juu, mimi akaniacha chini."

Nikafungua mdomo. Bibi yangu akanikanyaga mguu.

"Na kuingia pale," mama mukwe akaendelea, "yeye alipumua nini?"

"Hakupumua," muuguzi akasema. "Alifunga pumzi mpaka alipokutoa."

Nyama ilikuwa inachemka. Mama mukwe akajifunga kikwembe kipya juu ya kile cha zamani, akavuta vizuri pindo lake.

"Ajenge juu," akasema. "Juu ya jiwe, hapa penye upepo. Na anitengenezee kitanda changu, kirefu kuliko chake. Kikiwa kifupi hata kwa kidole, ninaondoka na binti."

"Mama, juu ya mwamba hakuna mazuku," muzee akasema. "Unaweza kulala hata chini."

"Nani amekuuliza?"

Nikaponda mawe, kama wajinga wote wa Goma. Nikapandisha mbao na bati. Kitanda chake nikakipa ngazi. Alikuja kuona kama binti yake anakaa kama mutu, na aliridhika kiasi kwamba hakurudi tena kwao. Alikaa nasi miaka mingi, akishuka kila asubuhi kwa ngazi yake na kuniambia nyuma ya pazia kwamba mbao zinanuka. Lava ya 2002 ilipofunika duka langu Birere, alisema, "Ungejenga juu." Kabla ya kufa kwa uzee aliagiza azikwe kileleni. Nikamwambia huko aendako hakuna haja ya kupumua. "Usinifundishe," akasema.

Vita havijaacha kuleta watu Mugunga. Kila mara ni wapya, na kila mara wanatafuta mahali laini pasipo na upepo. Ninawaonya. Wananiambia, "Muzee anaficha kiwanja chake." Kwa hiyo nimezungushia lile shimo ukuta wa mawe, mrefu kuliko mbuzi na kuliko mutoto. Mutu mmoja mwenye gari alikuja kulinunua. Nikamwambia lina mazuku. Akauliza inaua nani. Sikumwambia alete pesa.

Leo nina vitu hivi. Nyumba ya mbao, vyumba vinne, juu ya mwamba. Duka la makala Birere, la pili. La kwanza liko chini ya lava. Chukudu mbili, moja haina gurudumu la mbele. Bibi yuleyule. Watoto watano, wote wanasoma kunishinda. Kitanda kirefu, na kingine kirefu zaidi chenye ngazi, ambacho hakuna anayekubali kukilalia. Kaburi moja lenye saruji, kileleni. Shimo moja lenye ukuta, haliuzwi. Mapafu mawili, la kushoto linapiga filimbi wakati wa mvua.